Safari Isiyo na Haja

Kutembea ni kazi ya kwanza ya mwanadamu, na katika nchi ya Wasukuma bado ni kazi hasa. Mtu wa Bariadi hutembea kwa sababu ng'ombe wametangulia, kwa sababu kisima ki mbali, kwa sababu mnada haumngoji mtu, au kwa sababu kuna msiba Itilima na basi limekwisha pita. Kutembea kwa ajili ya kutembea tu, ambako mtu hutoka nyumbani akiwa hana la kufuata wala la kuleta, hakuna jina la heshima huko. Mwenye kufanya hivyo huitwa mzururaji, na mzururaji haozwi binti wa watu.

Kwa hiyo mwalimu mmoja wa hesabu wa mji huo, mwanamke aliyekwisha pita miaka arobaini, alipotangaza kwamba likizo ya Juni angeitumia kupanda Mlima Kilimanjaro, jamaa zake hawakumwuliza kama ataweza. Walimwuliza anakwenda kuchukua nini. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, watu walikuwa wakishika fedha na kupanga matumizi yake, na akiba aliyoiweka kwa miaka miwili ingetosha kuongeza ng'ombe zizini. Swali lao lilikuwa swali la watu wenye akili timamu, wala halifai kuchekwa.

Tena jamaa hao hawakuwa wageni wa safari ndefu. Katika karne ya kumi na tisa Wanyamwezi, pamoja na jirani zao Wasukuma, ndio walioibeba biashara ya bara mabegani mwao. Walitoka nchi hizi za ndani mpaka Bagamoyo na meno ya tembo, wakatembea kwa miezi, wakapita mbuga zisizo na maji na nchi za watawala waliodai hongo njiani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na juu yake mtu alikuwa na mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Aliyerudi alirudi na nguo na shanga, na pamoja na hivyo alirudi na sifa ya utu uzima. Hiyo ilikuwa safari yenye haja. Mjukuu wa watu kama hao, akisema kwamba atatembea siku sita, alale baridini, arudi mikono mitupu, na alipie mateso hayo kwa fedha zake mwenyewe, ana deni la maelezo.

Mtindo wa watu wa kawaida kulipa ili waongozwe milimani si wa kale hata huko Asia unakovuma zaidi. Mlima Everest ulipandwa mpaka kileleni Mei 29, 1953, na Tenzing Norgay na Edmund Hillary, nao walikuwa wapanda milima hodari katika msafara mkubwa. Mwaka 1964 ofisa mstaafu wa jeshi la Uingereza, Jimmy Roberts, alifungua kampuni mjini Kathmandu kwa ajili ya watu wa namna nyingine: wasiojua kamba wala mashoka ya barafu, ila wana miguu mizima na hamu ya kuona. Mwaka 1965 aliwapeleka wanawake watatu wa Marekani. Washerpa waliongoza, wakapika, wakasimamisha mahema, wageni walitembea. Kutokana na jambo hilo dogo imekua kazi inayolisha mabonde mazima ya Nepal, na watu wengi hufunga safari mpaka kambi ya chini ya Everest, kwenye mita 5,364.

Msomaji na aitazame tarakimu hiyo kwa makini. Kilele cha Kibo kina mita 5,895, au futi 19,340 kwa kipimo cha wazee. Mwalimu wa Bariadi, kwa nauli ya basi kupitia Shinyanga na Singida mpaka Moshi, alikuwa akikusudia kupanda juu kuliko wengi wa hao wanaovuka bahari kwenda Himalaya. Na alikuwa akienda mahali ambapo hata theluji yake ilipata kubishiwa: Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuandika habari zake, wako wataalamu wa Ulaya waliokataa kusadiki kwamba barafu yaweza kukaa karibu na ikweta. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 6, 1889. Katika Marangu anakumbukwa Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichaga anayesimuliwa kuwa aliwaongoza. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu ya kilele hicho, nacho kikaitwa Uhuru. Tangu hapo mlima umekuwa mali ya kila Mtanzania kwa maneno, lakini wengi wa wenye mali hiyo wameiona katika picha tu.

Sheria za hifadhi hazimruhusu mtu kupanda bila kiongozi aliyesajiliwa. Mwalimu alilipokea sharti hilo kwa kiburi kidogo, kama mtu aliyechunga ng'ombe tangu utotoni katika nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,100 na asiyejua kuchoka. Langoni Marangu mizigo ilipimwa kwa mizani, kwa kuwa mpagazi hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za kazi. Vijana hao mlimani huitwa wagumu. Mmoja wao, mwenye umri wa wanafunzi wake wa kidato cha nne, aliutwaa mfuko wake, akauweka kichwani, akasema, "Shikamoo mama," akapotea msituni mbele yake. Jambo hilo lilimkaa vibaya kuliko baridi yoyote iliyofuata. Babu zake walibeba. Naye leo alikuwa akibebewa.

Siku ya kwanza walilala Mandara, kwenye mita 2,720, na siku ya pili Horombo, kwenye mita 3,720. Kiongozi, mtu wa makamo aliyesema kidogo, alikuwa na neno moja kwa kutwa nzima: polepole. Wageni hulidhani ni mzaha wa watalii, kumbe ni elimu. Hewa ya kileleni ina sehemu ile ile ya oksijeni kama hewa ya pwani, asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wake, ambao huko juu ni kama nusu tu ya ule wa Tanga. Mwili huweza kujizoeza hali hiyo, lakini huhitaji siku, na haraka huunyima siku hizo. Ndiyo maana walikaa Horombo usiku wa pili, wakapanda kidogo mchana kuelekea Mawenzi, wakashuka kulala. Nguvu za misuli hazina neno katika jambo hili. Vijana wenye mbio huugua, na vikongwe hupita.

Usiku wa manane walitoka Kibo, kwenye mita 4,720, wakaanza kupanda changarawe zinazoteleza kila hatua. Walipopita pango la Hans Meyer, mwalimu alianza kujikwaa mahali pasipo jiwe. Kiongozi alimsimamisha, akamwagiza atembee hatua chache kisigino kikigusa vidole, naye akapepesuka. Kisha akauliza:

"Mwalimu, saba mara nane?"

Alikaa kimya kitambo, akajibu, "Hamsini na nne."

"Na tisa mara sita?"

"Hamsini na nne."

"Tunashuka, Mwalimu."

Alibisha. Alisema kwamba jibu moja katika mawili lilikuwa sahihi, na kwamba Gilman haikuwa mbali. Alitaja akiba yake ya miaka miwili. Kiongozi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekabidhiwa wewe, mama. Kilele sikukabidhiwa," akamshika mkono, akamgeuza.

Watu hudhani kwamba mwenye kulipa kiongozi ananunua nguvu au ujuzi wa njia. Njia ya Marangu haipotezi mtu; imekanyagwa hata kipofu angeifuata. Kinachonunuliwa ni akili ya mtu mwingine, itumike katika saa ile ambayo akili ya mnunuzi imekwisha kuondoka naye hajui kwamba imeondoka. Ubongo ukianza kuvimba kwa ajili ya mwinuko, dawa iliyo ya hakika ni kushuka, tena upesi, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kukubali. Na kiongozi yule alikuwa akitenda kinyume cha faida yake. Bahasha ya ahsante hutolewa mwisho wa safari, na aliyefika kileleni huwa na mkono mwepesi kuliko aliyerudishwa gizani akilia.

Walipokaribia Horombo kichwa kilikuwa chepesi, na saba mara nane ilikuwa hamsini na sita kama ilivyokuwa siku zote. Langoni wenzake wa njiani walipewa vyeti vyao. Yeye hakuwa na cheti, kwa kuwa hakufika hata Gilman.

Bariadi walimngoja kwa lile swali lao. Aliwaeleza habari za baridi, na giza, na hesabu zilizomtoroka. Wazee walisikiliza kwa adabu, lakini kwa theluji hawakuonyesha hamu kubwa. Walichotaka kujua ni habari za wale vijana. Ni watoto wa nani? Hulala wapi usiku wageni wakiwa vibandani? Hula nyama? Mzee mmoja aliuliza kama hulipwa kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Mwalimu akajibu kwamba ni baada ya kushuka. Wazee wakatazamana, na yule mzee akauliza tena, kana kwamba hakusikia vema, ni kilo ngapi.