Mgawa Barua Aliyepiga Hodi



Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, siku ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nilikuwa nikiwapelekea Komunyo Takatifu wagonjwa na wazee wa kigango kimoja. Orodha yangu ilikuwa na majina 12, na saa kumi alasiri nilikuwa na kikao cha kamati ya ujenzi. Nyumba ya tisa ilikuwa ya bibi mmoja aliyeishi peke yake. Alikomunika, tukasali, kisha akaanza kunisimulia habari za marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa reli. Mimi nilikuwa nimekwisha simama. Bibi akanitazama, akasema kwa upole: "Baba, asante kwa kuniletea Yesu. Ila wewe mwenyewe bado hujafika."

Kikao nilikiwahi. Neno lile likabaki nami kama mfupa kooni.

Usiku huo, usingizi uliponikataa, nilifungulia kaseti niliyoachiwa na padre mwenzangu aliyewahi kusoma Marekani. Ilikuwa ya mwimbaji ambaye sikumfahamu, aitwaye John Prine. Gitaa moja, sauti isiyo na madaha. Wimbo mmoja ulinifanya niketi kitandani. Jina lake, "Hello in There", ningeliweka kwa Kiswahili chetu hivi: hodi, nyinyi mlio humo ndani. Unasimulia mzee na mkewe walioachwa na watoto waliokua na kutawanyika, mmoja wao akiwa amefia vitani Korea, na nyumba imebaki kimya. Wimbo unamwomba apitaye njiani asiwapite wazee kana kwamba hawapo. Niliuzima, nikauwasha tena. Nilidhani umetungwa na mzee. Baadaye nikajua kwamba aliutunga akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

John Prine alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 katika mji wa Maywood, karibu na Chicago. Wazazi wake walikuwa watu wa Kentucky waliohamia kaskazini kutafuta kazi, na baba yake alikuwa fundi katika kiwanda. Alipokuwa na miaka 14, kaka yake Dave alimfundisha kupiga gitaa. Katika ujana wake alimsaidia rafiki kugawa magazeti katika nyumba ya kutunzia wazee, chumba hadi chumba. Mwenyewe alisimulia kwamba baadhi ya wazee walijifanya kana kwamba yeye ni mjukuu au mpwa aliyekuja kuwatembelea. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Kijana ameleta gazeti, na mzee anatamani sana kuwa na mgeni, hata anamgeuza mleta gazeti kuwa damu yake.

Alipomaliza shule alikuwa mgawa barua. Sisi tumezoea kwenda posta kufungua sanduku. Kule Marekani mtu wa posta hutembea nyumba kwa nyumba, mkoba begani, kiangazi na wakati wa theluji. Jeshi lilimchukua na kumpeleka Ujerumani ya Magharibi, akafanya kazi ya ufundi wa magari, kisha akarudi kwenye barua zake. Akiwa katika mzunguko huo alitunga nyimbo kichwani. Mwaka 1970 Roger Ebert, mchambuzi wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, alimsikia katika kilabu kimoja mjini humo, akaandika habari za mgawa barua aimbaye. Mwaka uliofuata Kris Kristofferson, mwimbaji mwenye jina kubwa, alimsikia pia, akamfungulia njia. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971 kwa kampuni ya Atlantic. Ndani yake wamo mzee mpweke, mwanamke aliyechoka na ndoa yake, na askari arudiye kutoka vitani akiwa mtumwa wa dawa za kulevya. Ni watu ambao mgawa barua huwaona mlangoni.

Aina hii ya muziki leo huitwa Americana. Ni mkondo uliokusanya nyimbo za jadi za Marekani, kantri, bluzi na nyimbo za injili. Wengi wa waimbaji wake hawapati utajiri. Prine naye alisifiwa sana na waimbaji wenzake, lakini albamu zake hazikuuzwa kwa kiasi kilichotazamiwa na makampuni makubwa. Baada ya kurekodi kwa makampuni mawili ya namna hiyo, alichagua njia nyingine: mwaka 1981, yeye na meneja wake Al Bunetta waliwasha taa ya kampuni yao ndogo, Oh Boy Records, wakafanyia shughuli zao Nashville. Wapenzi wa nyimbo zake walimtumia fedha kwa posta kabla hata albamu haijatoka. Mtu aliyewapelekea wengine barua sasa alitunzwa na barua. Mwaka 1991 kampuni hiyo ndogo ilitoa "The Missing Years", ikampatia tuzo ya Grammy.

Sisemi haya ili kumtangaza kuwa mtakatifu. Ndoa zake mbili za kwanza zilivunjika, na sigara aliivuta kwa miaka mingi. Mwaka 1998 alifanyiwa upasuaji wa saratani shingoni, kisha mionzi. Kwa mwimbaji, shingo ni shamba lake. Sauti iliporudi ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, naye akaikubali, akazishusha nyimbo zake za zamani zilingane na koo lake jipya, akarudi jukwaani. Mwaka 2005 Ted Kooser, mshairi wa taifa, alimwalika katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 2013 saratani ilimrudia, safari hii katika pafu. Akapasuliwa tena, akaimba tena. Mwaka 2018, akiwa na miaka 71, alitoa "The Tree of Forgiveness", yaani Mti wa Msamaha, albamu iliyopanda juu zaidi katika orodha za mauzo kuliko zote alizowahi kutoa. Katika wimbo wa mwisho anajiwazia mbinguni, na miongoni mwa shughuli zake huko ni kuwasamehe wote waliomtenda mabaya.

Alifariki Nashville tarehe 7 Aprili 2020 kwa ugonjwa wa UVIKO-19, akiwa na miaka 73. Ilikuwa Jumanne ya Juma Kuu. Siku zile wazee wa nchi nyingi walikuwa wamefungiwa ndani, na jamaa zao wakiwapungia mkono nyuma ya vioo. Nilipopata habari niliukumbuka wimbo wake wa ujanani, nikaona kwamba dunia nzima sasa ilikuwa imesimama mbele ya mlango ule aliouimba miaka hamsini nyuma.

Nirudi kwa bibi yetu. Ijumaa ya kwanza iliyofuata nilianza na nyumba yake, nikaomba kigoda. Nilikaa muda wa saa nzima. Nilijua jina la mumewe, stesheni alizofanyia kazi, na jinsi bibi alivyokuwa akiitambua treni yake kwa honi kutoka mbali, akaweka maji ya chai jikoni. Tulipata Ijumaa nne za namna hiyo. Ya tano nilimzika. Katika mahubiri ya mazishi niliwaeleza watoto wake, waliotoka mijini, habari ya honi na chai. Mmoja wao alilia, akaniambia hakuwahi kuisikia.

Ndugu zangu, mara nyingi tunafika na mzigo: gazeti, barua, bahasha ya zaka, hata Ekaristi yenyewe, nasi tunadhani kwamba mzigo ukifika tumefika. Prine aliujua mlango kwa miguu yake, akatambua kwamba aliye ndani anamngoja mtu. Juma hili kila mmoja wetu ana nyumba moja anayoijua. Apige hodi, aombe kigoda, na simu aiache mfukoni.

Nawatakieni juma jema lenye baraka.

Padre wenu