Chuku na Sindano

Wapigaji chuku wa zamani walijua kwamba hewa ikipunguzwa ndani ya pembe, kilicho chini ya ngozi huvutwa juu. Kazi hiyo hiyo ya kunyonya hutumika leo mahali pasipofikika kwa pembe, nyuma ya tumbo, penye kongosho. Habari zake nalijifunza kwa ajili ya mjomba wangu.

Mjomba aligeuka manjano macho, na picha zikaonyesha uvimbe katika kongosho. Uvimbe wa namna hiyo waweza kuwa saratani na waweza usiwe, na aghalabu dawa kali za saratani hazianzwi mpaka nyama yake isomwe kwa darubini. Akachomwa sindano, jawabu likarudi kuwa ni damu tupu, haisomeki. Mkaza mjomba akasema yatosha, mzee asichokolewe tena. Mjomba mwenyewe alinyamaza sana, kisha akaniambia: "Mjomba, kamwulize daktari, sindano hiyo safari hii itafanya nini isichokifanya kwanza?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na daktari hakulidharau. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, akapitishwa kooni mpira mwembamba wenye kamera na chombo cha mawimbi ya sauti. Mawimbi hupenya ukuta wa tumbo, yakaonyesha uvimbe pamoja na mishipa ya damu ipasayo kuepukwa. Ndipo sindano ikapita ndani ya mpira. Peter Vilmann na wenzake wa Denmark walieleza kuchoma kongosho kwa njia hii mwaka 1992.

Ama kunyonya, kuna namna kadhaa. Iliyozoeleka ni kutia bomba la mililita 10 lililokwisha kuvutwa. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa fani hii huko Ulaya kilishauri bomba hilo kwa uvimbe mgumu. Lakini mvuto mkubwa huweza kuleta damu nyingi, hasa uvimbe ukiwa na mishipa mingi. Wengine huuvuta polepole waya uliomo ndani ya sindano, huku sindano ikienda na kurudi. Mvuto wake ni mdogo mno, na damu huwa haba. Wengine huijaza sindano maji ya chumvi kwanza, kwani hewa hutanuka na kuipunguza nguvu, hali maji hayatanuki, basi mvuto hufika nchani. Nililostaajabia ni kwamba kunyonya hakukati nyama. Kinachokata ni ncha. Mvuto hushikilia tu. Kwa hiyo mkono huielekeza sindano pande mbalimbali za uvimbe, maana katikati mwaweza kuwa na nyama iliyokufa.

Kwa mjomba, daktari alikusudia kuvuta waya polepole. Hatari hakuzificha: kutokwa damu, au kongosho kuwaka, ingawa si mara nyingi. Nikayafikisha yote nyumbani. Mkaza mjomba aliuliza moja tu: je, mtu wa darubini atakuwapo pale pale, aseme kama kilichopatikana chatosha? Nikamjibu kuwa atakuwapo.

"Basi nitampeleka mwenyewe," akasema.

Safari hii kichupa kilikuwa na nyuzi nyeupe katika damu kidogo. Jawabu likasomeka: ni saratani. Dawa zilianza juma lile lile.