Yanga ya ugenini na sisi wa Magamba

Leo siandiki mambo ya baraza la madiwani wala bei ya mahindi. Leo ni mpira. Kazini kwangu mwandishi hana timu, na hilo nalikubali kabisa, lakini hapa niko kwangu, kwa hiyo niseme wazi kwamba mimi ni Mwananchi. Nimezaliwa Magamba, hapa Mpanda, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Jangwani, nikiwa mtoto wa baba ambaye ni Simba damu.

Kuna hesabu moja nimekuwa nikiipiga tangu Juni 2023 na hainiachi. Msimu wa 2022/23 Yanga ilicheza mechi 18 za Afrika. Tuondoe mbili za Zalan ya Sudan Kusini, ambazo zote zilichezwa Dar na zikaisha kwa jumla ya mabao 9-0. Zinabaki 16, nane nyumbani na nane ugenini. Nyumbani Yanga ilishinda nne. Ugenini ilishinda tano.

Rudia kuzisoma hizo namba taratibu. Sisi Watanzania tumezoea kusema nyumbani ndiko tunakomalizia kazi, kwamba kwa Mkapa hatoki mtu. Timu yetu iliyokwenda mbali kuliko zote miaka hiyo ilikuwa ikifanya kinyume chake.

Msimu wenyewe ulianza vibaya. Ligi ya Mabingwa tulitolewa na Al Hilal ya Sudan, sare ya 1-1 Dar na kufungwa 1-0 Omdurman. Tukatupwa Kombe la Shirikisho, ambalo watani walilibatiza "kombe la luza". Hata huko kuingia makundi ilibidi tupite kwanza mchujo na Club Africain ya Tunisia. Dar tulitoka 0-0. Siku hiyo kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu watu waliondoka mpira haujaisha. Wiki moja baadaye, Novemba 2022, Stephane Aziz Ki akafunga Tunis, 1-0, tukapita. Walioondoka mapema wakarudi wakijifanya walijua tangu zamani.

Mwezi huo huo ligi ya nyumbani ikatupiga kofi. Tulikuwa tumecheza mechi 49 bila kufungwa, halafu tarehe 29 Novemba Ihefu wakatufunga 2-1 kule Mbarali. Desemba ukaanza mgogoro wa Feisal Salum, Fei Toto, akaondoka kikosini katikati ya msimu. Baba yangu alikuwa akipita dirishani kwangu asubuhi na kuuliza, "Mwandishi, gazeti lenu leo limeandika nini kuhusu Ihefu?" Anajua kabisa limeandika nini. Amelisoma kabla yangu.

Kwenye makundi tulianza kwa kufungwa 2-0 na Monastir kule Tunisia. Kisha tukawafunga TP Mazembe 3-1 Dar, tukatoka 1-1 na Real Bamako kwao, tukawafunga 2-0 kwetu, tukalipa kisasi kwa Monastir 2-0, na tukamalizia Lubumbashi, ambako Farid Mussa alifunga bao pekee. Kushinda Lubumbashi, jamani! Watu wa huku tunaoishi jirani na Ziwa Tanganyika, Kongo ikiwa ng'ambo, tunajua jina la Mazembe lina uzito gani. Tulimaliza kundi tukiwa wa kwanza.

Wakati huo Rais Samia alikuwa ameahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, na kiasi hicho kikapanda kadiri timu zilivyosonga. Magamba ikawa kila Fiston Mayele akifunga na kuanza kutetema, mtu mmoja anatetema naye na mwingine anapiga hesabu ya fedha kwa sauti. Mayele alimaliza Kombe la Shirikisho akiwa mfungaji bora kwa mabao 7.

Tarehe 16 Aprili 2023 Simba wakatufunga 2-0 kwenye ligi. Nikajua nyumbani hakutalika wiki nzima, na kweli hakukulalika. Jumapili iliyofuata tulikuwa Uyo, Nigeria, robo fainali na Rivers United. Mayele akafunga mawili, 2-0, ugenini tena. Marudiano Dar yakawa 0-0, na katikati ya mechi taa za uwanja zikazimika, mpira ukasimama. Mwaka ule Katavi ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa, umeme wetu ulikuwa wa majenereta, kwa hiyo kibanda kizima kilicheka. Mzee mmoja akasema, "Karibuni Mpanda."

Nusu fainali tukawafunga Marumo Gallants wa Afrika Kusini 2-0 Dar, halafu 2-1 kwao Rustenburg, Mayele na Kennedy Musonda. Usiku ule nilikuwa na habari ya kuandika kuhusu mgogoro wa wafugaji na wakulima, na niliituma saa saba za usiku. Yanga ilikuwa imeingia fainali ya Afrika.

Hapa lazima nieleze mambo ya baba. Mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Ilitoka 0-0 Abidjan, ikaja Dar watu wote wakijua kombe limeshafika, ikafungwa 2-0. Baba alisikiliza redioni akiwa zamu kituo cha reli cha Mpanda. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini fainali ile nimelelewa nayo. Kila nilipoitaja Yanga mezani, jibu lilikuwa moja: "Mwanangu, sisi tulifika fainali. Nyie fainali mnaisoma magazetini." Kwa hiyo Mei 2023 kwetu haikuwa mwezi wa kawaida.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Aliweka akiba, akapanda basi Ijumaa alfajiri kwenda Dar kuona fainali na USM Alger ya Algeria. Hakuwahi kufika Dar hata siku moja. Mama alimfungia karanga na viazi. Baba alimwambia, "Nenda ukawasalimie Waarabu, waambie tuko nao." Ndio utani wetu, anayeujua anaujua.

Jumapili tarehe 28 Mei, mechi haijaanza, simu zikaanza kuleta habari kwamba nje ya Uwanja wa Mkapa kumetokea msongamano kwenye mageti, watu wamekanyagana, wengine wameumia, na kwamba yupo aliyekufa. Nikampigia mdogo wangu. Haipatikani. Nikapiga tena. Nina namba za waandishi wenzangu wa Dar, nikawapigia wote, lakini mtu utamuulizaje, "umemwona kijana mwenye jezi ya njano?" Uwanja mzima ni njano.

Ile mechi niliiangalia hivyo, simu sikioni. USM wakafunga dakika ya 32. Kipindi cha pili tukashambulia, tukashambulia, na dakika ya 82 Mayele akasawazisha. Kibanda kililipuka. Dakika ya 84 Islam Merili akafunga la pili. Ni dakika mbili tu. Watu wengine walikuwa bado wanakumbatiana.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba amekaa nje, redio imezimwa. Hakunitania. Aliuliza, "Amepiga?" Nikamwambia bado. Akanyamaza. Mama alikuwa ndani. Tulikaa hivyo mpaka saa tatu na nusu usiku, namba ngeni ikaita. Ni yeye. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Alikuwa amekata tiketi lakini hakuingia uwanjani kabisa, alirudishwa na ule msukumano, akabaki nje akishikilia ukuta. Aliniambia, "Kaka, nimelisikia goli la Mayele. Halafu nikasikia kimya." Baba alichukua simu, akamuuliza kama amekula, basi. Familia ya yule aliyepoteza maisha haikupigiwa simu ya namna hiyo, na kila nikiikumbuka fainali ile naikumbuka hiyo pia kabla ya bao lolote.

Tarehe 3 Juni tukaenda Algiers. Kwa matokeo ya Dar, wengi walishaandika taarifa ya msiba. Dakika ya 7 Djuma Shaban akafunga penalti. Kipindi cha pili USM wakapata penalti yao, Djigui Diarra akaipangua. Kuanzia hapo tulikuwa tukihitaji bao moja tu, na halikuja. Tukashinda 1-0 kwenye uwanja uliojaa watu wao na fataki zao, na tukakosa kombe. Jumla ilikuwa 2-2, lakini USM walikuwa na mabao mawili ya ugenini na sisi moja. Ulaya, UEFA walishaifuta kanuni hiyo mwaka 2021. Kwetu Afrika siku ile ilikuwa hai, na ilitumaliza.

Watu wengi husema kanuni ndiyo iliyotunyima kombe. Mimi nimebishana nao sana. Kanuni tuliijua tangu mwanzo, na ilikuwa upande wetu kila tulipofunga Uyo na Rustenburg. Tulichopoteza ni zile dakika mbili za Dar. Mechi ya Dar ingeishia 1-1, basi ushindi wa Algiers ungekuwa wa kombe. Tulisawazisha, tukajiona tuko nyumbani, tukaona kelele zitatusukuma mpaka la pili. Tunis, Lubumbashi, Uyo, Algiers hakukuwa na wa kutusukuma, kwa hiyo kila mchezaji alikaa kwenye nafasi yake.

Sisemi mashabiki wanaleta mkosi. Nasema wachezaji wetu na sisi wenyewe tunaanza kupumzika tukifika nyumbani. Angalia fainali zote hizi. Mwaka 1993 Simba ilifungwa 2-0 Dar. Mwaka 2023 Yanga ilifungwa 2-1 Dar. Mei 2025 Simba ilifika tena fainali ya Shirikisho, ikafungwa 2-0 na Berkane kule Morocco, na marudiano ya Zanzibar, Uwanja wa Amaan, ikatangulia kwa bao la Joshua Mutale, ikasawazishiwa dakika za nyongeza, 1-1. Fainali tatu, na hakuna hata moja tuliyoshinda mechi ya nyumbani. Ushindi pekee katika mechi zote sita ni ule wa Algiers.

Baba naye anaujua huo ukweli. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 2023 nilijiandaa kwa matusi ya mwaka mzima. Alikuja dirishani, akasimama, akasema, "Sisi mwaka 1993 kule kwao tulitoka sare. Nyie mmeshinda." Akaenda zake kunywa chai. Kwa mzee yule hiyo ni hotuba ndefu. Na Mei 2025, Simba walipotoka Amaan vichwa chini, sikuwa na ulimi wa kumtania. Tulikaa wote nje, mdogo wangu naye, tukazungumza kuhusu dakika za mwisho na jinsi timu zetu zinavyorudi nyuma zikishaongoza.

Yanga ile ilitwaa ubingwa wa 29 wa ligi, na mwezi huo huo wa Juni ikabeba Kombe la FA, lakini ilisambaratika haraka. Kocha Nasreddine Nabi aliondoka, Mayele akaenda Pyramids ya Misri na mwaka 2025 akabeba nayo Ligi ya Mabingwa. Ndio mpira.

Mdogo wangu anaendelea na bodaboda yake. Tiketi ile ameihifadhi kwenye kava la simu, haijachanwa, na hataki kuniambia kama timu ikifika fainali tena atapanda basi. Mama ameshasema hapandi. Mimi nadhani atapanda. Nimemwambia tu safari hiyo abebe chaja.

Alamsiki, wadau. Watani, nawasubiri.