Fuvu Njiani Nakivale
Atokaye Mbarara kwenda Nakivale hupita Kabingo, katikati ya migomba, hata afike kwenye ziwa la viboko na makazi yaliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kando ya njia tuliona fuvu la ng'ombe wa Ankole: magego mapana, na taya la juu halina meno ya mbele. Fuvu ndilo cheti cha mnyama, hasa yule avaaye deraya.

Misitu ya Uganda inaye kakakuona mkubwa, mwenye magamba mwilini. Amerika ya Kusini aliishi gliptodonti, mwenye gamba la mifupa kama kobe na uzito upatao tani moja. Alitoweka yapata miaka 10,000 iliyopita. Kwa mavazi ungewadhani ndugu. La hasha! Fuvu la kakakuona ni jembamba, halina hata jino moja, kwani hula mchwa kwa ulimi. La gliptodonti ni fupi na nene, lenye magego manane kila upande wa taya, ya kusagia majani.

Deraya haikumwokoa huyo, na wetu pia haimtoshi: akiguswa hujiviringisha tu, mwindaji akambeba kama kikapu. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 2017. Hata hivyo, Januari 2019 watu wa forodha mjini Kampala walikamata pembe za ndovu na maelfu ya magamba ya kakakuona, yamefichwa ndani ya magogo.