Kosa la programu huulizwa, halifichwi

Kwa mama anayenunua ndizi kwa wakulima wa Rungwe na kuziuza sokoni Kiwira, shilingi 80,000 si fedha ndogo. Ni mtaji wa kesho, na nyumbani kuna sare ya shule inayosubiri. Kwa hiyo mwanawe aliyemaliza kidato cha nne alipomwomba kiasi hicho anunue programu ya kuonyesha makosa, mama hakukubali wala hakukataa. Alitaka kwanza aelezwe makosa yenyewe ni yapi.

Kijana alikuwa anajifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, kwenye simu yake. Alikuwa anamtengenezea mama daftari la kujumlisha madeni ya wateja. Baba hakuifurahia kazi hiyo. Alikwisha kusema kwamba mwezi ukiisha bila kitu cha kuonekana, simu itawekwa kando na kijana ataenda kujifunza ufundi gereji. Ndiyo maana kijana alilificha tatizo lake kwa wiki mbili, akijaribu hiki na kile usiku kwa kubahatisha.

Tatizo lilikuwa hili: akiingiza deni la 3500 na jingine la 3000, jibu lilitoka 35003000. Simu haikugoma wala kutoa onyo lolote. Ilimpa tu mteja wa ndizi deni la zaidi ya shilingi milioni 35. Mtu mmoja mtandaoni akamwambia kwamba bila kulipia chombo maalumu hataweza kuona kinachoendelea ndani ya programu.

Mama hajui Python, ila anajua kutafuta fedha isiyoonekana. Jioni hesabu isipotimia, hakisii. Anarudi hatua kwa hatua: alitoka nyumbani na ngapi, baada ya kununua mikungu alibaki na ngapi, baada ya kulipa bodaboda ngapi. Pale namba inapoacha kulingana, ndipo anapotazama.

"Mwanangu, hicho kitu chako hakiwezi kukuambia kimeshika ngapi kila hatua?"

"Kinaweza, mama."

"Kwa shilingi ngapi?"

Kijana akanyamaza. Jibu lilikuwa bure. Amri ya kumfanyia kazi hiyo ilikuwa ya kwanza kabisa aliyojifunza: print, yaani iambie programu iandike kwenye kioo kile ilichoshika. Akaiweka baada ya kila hatua. Kwanza aliomba kuona thamani, kisha akaomba kuona ni kitu cha aina gani. Kioo kikaonyesha kwamba 3500 ile haikuwa namba. Python hupokea kinachoingizwa na mtumiaji kama maandishi, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha tu, kama mtu anayebandika karatasi mbili ziwe moja. Akayageuza kuwa namba kwa amri ya int, na jibu likawa 6500.

Njia hiyo si ya wanafunzi peke yao. Wataalamu huitumia mpaka leo, na tabia ya kuandika kilichoonekana ni ya zamani. Mwaka 1947, waliokuwa wakiendesha kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo ndani ya mtambo. Walimbandika kwenye daftari la kazi na kuandika walichokuta.

Mzazi mwenye mtoto anayejifunza kazi hii hana haja ya kujua kuandika programu. Inafaa tu ajue kwamba vyombo vya kuanzia vya kuonea makosa havilipiwi. Ukiacha print, upo ujumbe mrefu wa kosa ambao vijana wengi huufunga kwa hofu. Katika Python, mstari wake wa mwisho hutaja aina ya kosa, na mistari ya juu hutaja mahali lilipo.

Anayetengeneza tovuti kwenye kompyuta anaweza kubonyeza F12 katika Chrome au Firefox, kisha afungue sehemu ya konsoli, na atakuta makosa ya ukurasa wake yameandikwa humo. Anayetengeneza programu za simu za Android ana Android Studio, ambayo hutolewa bure, na ndani yake mna Logcat inayoonyesha kinachosemwa na simu iliyounganishwa kwa waya wa USB. Kwa programu za Windows kuna DebugView ya Microsoft, nayo ni bure.

Bure hiyo ina tahadhari mbili. Nywila au namba ya siri ya fedha isiandikwe kamwe kwenye kioo wala kwenye kumbukumbu za programu, hata kwa majaribio. Pia, ruhusa ya simu kuchunguzwa kwa USB izimwe kazi ikiisha, hasa ikiwa simu hiyo ndiyo inayotunza fedha za familia.

Mwezi ulipoisha, daftari halikuwa limekamilika. Kijana alimwonyesha baba kioo chenye 35003000, kisha kile chenye 6500, akamweleza alivyotoka kimoja hadi kingine. Baba alicheka lile deni la milioni 35, akauliza maswali mawili matatu, na mwisho akaongeza miezi miwili. Alikuwa ameona kazi kwa mara ya kwanza, kwa sababu kosa lilikuwa limewekwa mezani. Mtoto anayeogopa kuulizwa "umemaliza?" huficha kilichokwama, na kilichofichwa hakipati msaada. Siku hizi baba huuliza, "Leo imekuambia nini?"

Sare ilinunuliwa. Mama bado anaandika madeni yake kwenye daftari la karatasi, na kila jioni hulilinganisha na la simu. Amesema ataliacha la karatasi siku yatakapokuwa yamelingana mwezi mzima. Mara ya mwisho walifika siku ya kumi na moja, zikatofautiana kwa shilingi 500. Kijana ameshaongeza print nyingine.