Punje ya Mahindi

Watu wa Tarime wanapopukuchua mahindi uani, watoto hutambaa katikati ya punje. Mmoja huokota, hucheka, hupaliwa. Mpiga picha za eksirei tunayemzungumzia hapa alikulia kwenye nyua hizo, kisha akazipiga picha ajali za namna hiyo kwa miaka mingi, kwanza wilayani Serengeti, baadaye Mwanza, wanakopelekwa watoto kwa njia ya Bunda na Magu ili watolewe punje kwa bronkoskopu. Mara nyingi hukwama kulia, maana mrija wa hewa wa upande huo ni mpana zaidi na umenyooka.

Baada ya kila utoaji wa punje ilikuja fomu: "Picha ya kifua." Basi. Fomu hizo alizitii zote. Mama huvalishwa aproni ya risasi, humshika mtoto mikono juu, na mpiga picha husubiri ile nukta kati ya kilio na kilio, kifua kimejaa hewa, ndipo abonyeze.

Siku hizi huenda wodini kwanza. Mtoto anayenyonya vizuri, mbavu hazibonyei, pande zote mbili za kifua zinasikika sawa: picha ya nini? Mionzi yake ni kidogo, kama ile ya asili tunayoipata kwa siku chache tu. Kinachomuuma ni kumwondoa mtoto kwenye oksijeni na kumlipisha mzazi aliyekwishauza mbuzi. Lakini aliyewekewa mrija shingoni juzi, akaanza kuhema, huyo hasubiri. Huenda mrija umeshuka mno, au hewa inavuja nje ya pafu.

Kilichombadilisha ni mtoto wa kutoka Mugumu, Serengeti, aliyekwishatolewa punje. Picha ya jana yake ilikuwa safi. Lakini punje haionekani kwenye eksirei kama ionekanavyo sarafu. Huonekana hewa iliyonaswa nyuma yake, na hiyo hujitokeza mtoto anapotoa pumzi.

"Baba, bado analia filimbi huku," mama alisema, kiganja chake kikiwa juu ya ubavu wa kulia.

Mpiga picha alimlaza mtoto kwa ubavu huo, akampiga picha. Pafu la chini hupaswa kusinyaa. Halikusinyaa, lilibaki jeusi, limevimba. Aliibeba picha mwenyewe hadi kwa daktari, na jioni ile mtoto akarudishwa chumba cha upasuaji. Kilichotoka ni ganda la punje, jembamba kama ukucha. Mama aliomba apewe, akalifunga kwenye pindo la kanga.