Mang'ola: Sisi Kivulini, Sola Juani

Ukitaka kujua kama kweli mnapendana, nendeni mkalale siku tatu ndani ya gari moja kule Mang'ola. Sisi tulikwenda, na nusura tugombane kwa sababu ya sola.

Kutoka Karatu mjini mnaacha lami na ubaridi wake, mnateremka na vumbi kuelekea Ziwa Eyasi. Kadiri mnavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Ghafla mnaona kijani: mashamba ya vitunguu, mifereji ya maji ya chemchemi na malori yanayopakia magunia. Wengi huja hapa kuwaona Wahadzabe na wahunzi wa Kidatoga. Sisi tulikuja kupumzika baada ya mwaka mgumu.

Mwaka huo mume wangu aligundulika ana kisukari. Tangu hapo, safari basi. "Mke wangu, insulini haitaki joto," ndiyo ilikuwa kauli yake. Ni kweli, ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Nikamjibu, friji tutaibeba kwenye Land Cruiser yetu kuukuu.

Kwa fundi wa sola Arusha, mimi nilianza kuuliza bei ya paneli. Akanikatisha: "Dada, kwanza niambie unataka kuwasha nini." Tukapiga hesabu. Friji ndogo ya volti 12 inakula kama wati 45 ikiwa inanguruma, na kwenye joto inanguruma nusu ya siku, yaani saa 12. Hiyo ni 540. Ongeza taa na simu, tukafika wati-saa 600 kwa siku. Betri ya ampea-saa 100 ina 1,200, lakini betri za asidi ukizimaliza zaidi ya nusu unaziua. Kwa hiyo betri ni siku moja tu. Ya pili lazima jua lifanye kazi.

Tukachukua paneli mbili za wati 100. Kwa saa 5 za jua kali ni 1,000 kwenye karatasi. Toa robo ya vumbi na joto, zinabaki 750. Zinatosha.

Ugomvi ukaja kwenye chaji kontrola. Mume wangu alitaka ya bei rahisi, PWM. Fundi akaeleza kwamba hiyo huishusha paneli ya volti 18 hadi volti za betri, na zinazozidi zinapotea bure. MPPT huzigeuza zikawa ampea. Kuhusu ukubwa, wati 200 gawanya kwa 12 ni karibu ampea 17, basi chukua ya 20. Tukanunua MPPT, mwenzangu kanuna mpaka Makuyuni.

Siku ya kwanza Mang'ola tukaegesha chini ya mgunga mkubwa. Raha! Kumbe paneli iliyo juu ya gari nayo inakula kivuli, na ya pili bado iko chini ya godoro. Kesho yake mchana kontrola ikasoma volti 12.1. Nusu ya betri imekwenda. Mume wangu akaitazama friji, akanitazama mimi, hakusema kitu. Ule ukimya uliniuma kuliko matusi.

Mzee mmoja mwenye shamba jirani alipita kufungua maji. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu. Mbona jua mmelifungia ndani?"

Tukacheka wote. Tukaitoa ya chini ya godoro, tukafungua boliti nne za ile ya juu, tukazipeleka zote mbili juani kwa waya mnene wa mita 8. Gari likabaki kivulini. Tuliziunga sambamba, ili moja ikipata kivuli isiivute nyingine, tukaziinua kidogo hewa ipite nyuma, maana paneli ikichemka nguvu inapungua. Kila asubuhi tulifuta vumbi. Jioni volti za betri zilikuwa zimeanza kupanda.

Usiku ule mume wangu alifungua friji, akapima joto: nyuzi 5. Akaniuliza, "Mwezi ujao twende wapi?"

Kwa hiyo mnaopanga safari kama hii, anzeni na kile ambacho hakiruhusiwi kuzimika. Paneli, betri na kontrola vitafuata hesabu hiyo. Na msibane waya, nunueni mrefu.